Mama yuko Mtwara mjini, watoto wako Newala kwa bibi: simu ibebe nini katika malezi ya imani?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 11 na wa kike 7. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni hapa Mtwara mjini, wao wanaishi na mama yangu kijijini, wilaya ya Newala. Sisi ni Waanglikana. Nikienda mwisho wa mwezi nawakuta wanaimba nyimbo za TikTok mwanzo hadi mwisho, lakini Baba Yetu wanaishia katikati. Mama anasali nao, ila macho yamepungua, Biblia hawezi kuisoma tena. Ana kitochi. Simu janja iko kwa mjomba wao, anarudi nayo usiku. Nimeweka akiba ninunue kishikwambi nikijaze katuni za Biblia. Mama amekataa, anasema kitaingiza uchafu ndani ya nyumba. Halafu wakifungulia chochote barazani watoto wa majirani wanajaa, na wengi ni Waislamu. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba, dada. Nianze na akiba yako: kishikwambi usinunue, mwaka huu usinunue. Chaji si shida, sola siku hizi ziko hadi mashambani. Shida ni kwamba katika nyumba ile mtu mzima anayeweza kukitumia ni mjomba, na mjomba anarudi usiku. Kwa hiyo fundi wa nyumba atakuwa kijana wako wa miaka 11. Dada yake atamchungulia begani. Bibi, ambaye ndiye anayewaamsha, anayeombea chakula, anayewaongoza kwenda kanisani, atageuka mgeni katika mambo ya imani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hilo linanitisha kuliko huo uchafu anaouogopa.

Paulo anapomwandikia Timotheo anaikumbuka imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike. Ni 2 Timotheo 1:5. Baba yake alikuwa Myunani, Matendo 16 inasema hivyo na haiongezi neno. Bibi, mama, mtoto: hiyo ni nyumba yenu kabisa, isipokuwa Eunike wa kwenu yuko mjini anatafuta ada. Teknolojia ninayokushauri ni ile itakayokurudisha wewe nyumbani kila jioni kwa dakika chache, bibi akiwa bado ndiye mwenye nyumba.

Na kifaa mnacho. Vitochi vingi vina tundu la memori kadi. Mwambie mjomba achungulie chini ya betri. Kama hakina, au spika yake imechoka, nunua redio ndogo ya kuchomeka memori, zile ambazo wazee huenda nazo shambani. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kishikwambi, na bibi ataiwasha na kuizima bila kumwita mjukuu. Msimu wa korosho wanaweza kuibeba hadi mikoroshoni wakaisikiliza huku wanaokota, maana ukipanga mafundisho ya watoto wa Newala mwezi wa Oktoba na Novemba bila kukumbuka korosho, utajifundisha peke yako.

Sasa utarekodi nini? Sauti yako. Watu wakiniuliza habari ya watoto na teknolojia wanataka niwatajie programu nzuri, na programu zipo: Biblia za kusoma na za kusikiliza kwa Kiswahili zinapatikana bure kwenye simu, zingine zina picha za watoto, na unaweza kuzipakua sehemu yenye intaneti ya bure ukazitumia baadaye bila bando. Zitumie. Lakini mtoto wa miaka 7 hamwamini Mungu kwa sababu msimulizi ana sauti tamu ya studio. Anaanza kuamini kwa kuona watu wake mwenyewe wanaamini. Akimsikia mama yake anamwambia Mungu asante kwa jambo lililotokea jana kazini, hilo hakuna programu itakayomletea.

Mambo ya ufundi ni machache. Ukirekodi kwa WhatsApp, faili linalotoka ni la aina ambayo vitochi vingi haviwezi kuifungua. Rekodi kwa programu ya kurekodia sauti iliyomo kwenye simu yako, kisha wapelekee vijana wa kibandani wanaoweka nyimbo kwenye memori na flashi. Waambie wakugeuzie iwe MP3. Hadithi ya dakika 5 ya kuzungumza tu itakula kama MB 2 au 3, kwa hiyo kadi ya GB 8 itakutosha mpaka kijana aingie sekondari. Majina ya mafaili yaanze na namba, 01, 02, 03, yacheze kwa mpangilio bila mtu kusoma kitu. Kadi ijaribu palepale kibandani kabla hujalipa. Zipo za bandia zinazojitangaza kuwa kubwa kumbe hazina nafasi hiyo, zikijaa zinafuta. Ukishajaza, mpe mtu unayemwamini anayepanda basi la Newala, au nenda nayo mwenyewe mwisho wa mwezi.

Tuje kwenye Baba Yetu, maana naona ndiko kunakokuuma. Wala usiwakasirikie. Wimbo wa TikTok unashikika kwa sababu ni kipande kifupi, kina mdundo, kina mchezo wa mikono, na kila mtoto mtaani anakirudia. Huo ni ujuzi wa kufundisha, na wazee wetu wa Kimakonde walikuwa nao kabla hatujasikia habari ya simu: mwimbishaji anatoa, watu wanaitikia, miguu inakwenda. Fanya hivyohivyo. Rekodi Baba Yetu kwa kuitikiana. Wewe unasema "Baba yetu uliye mbinguni," unanyamaza kwa muda wa kutosha wao kuirudia, kisha unaendelea. Wiki ya kwanza mistari miwili basi. Wiki ya pili rudia ile miwili, sasa wewe anza nusu na uwaachie wao wamalizie. Mwache kijana apige mdundo kwenye ndoo kama anataka. Wakifika "utusamehe makosa yetu" simama hapo wiki nzima, na kwenye rekodi uwasimulie mtu aliyekukosea kazini na namna unavyohangaika kumsamehe. Usimtaje jina, watoto hawatunzi siri. Kwa namna hii sala nzima itawachukua kama mwezi mmoja na nusu, na itakaa.

Hadithi za Biblia nazo simulia, usisome. Soma kwanza mwenyewe, funga kitabu, kisha simulia kama unavyosimulia habari ya mjini. Kwa kujisomea wewe na kupata maneno mepesi, Biblia ya Habari Njema itakusaidia. Ile ya Union ya 1952 iache kwa mistari ya kukariri, kwa kuwa ndiyo watakayoisikia ikisomwa katika makanisa mengi. Tena tumia mahali ulipo. Watoto wa uwanda wa Makonde hawajui uvuvi. Wewe unaweza kushuka asubuhi hadi kwenye kivuko cha Msangamkuu ukapiga picha ya wavuvi wanaokung'uta nyavu, ukaituma kwa mjomba, halafu rekodi ianze hivi: "Wanangu, ni mama. Leo nimewaona wavuvi wamerudi bila kitu. Usiku kucha, hawakupata kitu." Hapo umeshaingia Luka 5 bila kuwatangazia kwamba sasa tunaanza somo. Picha moja hiyo, pamoja na sauti yako, itawafundisha zaidi ya nusu saa ya katuni ya samaki wenye macho makubwa.

Upande wa pili wako wao wanajua vitu ambavyo mjini hatuvijui. Chukua Yohana 4, mwanamke Msamaria kisimani. Mtengeneza katuni wa Marekani anaweza kuchora kisima kizuri sana, lakini hajui maana ya maji pale juu kwenu. Bibi anajua. Wanawake wa rika lake walikuwa wanateremka mabondeni na ndoo kutafuta maji, wakapanda tena ule mlima wakiwa nayo kichwani. Utakapokwenda mwisho wa mwezi, mpe kijana simu yako ashike, yeye awe mrekodi, na binti amuulize bibi: mlikuwa mnaondoka saa ngapi? Mlikuwa mnakutana na nani njiani? Ulishawahi kwenda peke yako juani mchana, na kwa nini mtu aende saa ile? Bibi akimaliza kueleza, msomee hadithi ya Msamaria aliyekwenda kisimani yapata saa sita mchana. Mwache bibi aseme anaionaje. Rekodi hiyo iweke kwenye kadi, namba yake, jina lake "Bibi". Mwaka huu itakuwa somo. Miaka 20 ijayo sijui itakuwa na thamani gani, ila usiifute.

Ndiyo maana namwona bibi kama hazina na siyo kizuizi. Macho yamekwisha, lakini ana nyimbo za Kanisa, ana sala kwa Kimakonde, anakumbuka siku aliyobatizwa au aliyosimuliwa kuhusu ubatizo wa wazazi wake. Huku kusini Kanisa lenu ni la zamani. Misheni ya Masasi ilianza 1876, Askofu Edward Steere alipokuja na kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja. Cecil Majaliwa, aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, akawa padre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa daraja hilo, na alifanya kazi huku Chitangali. Kijana wa miaka 11 anaipenda hadithi ya namna hii: mtoto ametekwa, ameokolewa, amerudi kuwahudumia watu wa kusini. Isimulie. Na kwa kuwa mnauliza habari za teknolojia, Steere huyohuyo alikuwa mchapaji, na misheni kule Unguja ilikuwa na mtambo wake wa kuchapa uliotoa vitabu vya Kiswahili, vijana waliokombolewa wakifanya kazi mtamboni. Kwa hiyo mtu akikuambia Kanisa halijazoea mitambo, mcheke kidogo kwa heshima.

Katuni sijazikataza. Uziangalie nao, ukiwepo, zikiwa zimepakuliwa kwenye simu yako na data imezimwa. Katikati ya katuni simamisha, uliza. Watakuuliza Yesu mbona mzungu; waambie ukweli, kwamba alikuwa Myahudi wa Mashariki ya Kati, na kila nchi humchora kwa sura ya kwake. Wakichoka kuangalia, wape karatasi wachore wenyewe, upige picha michoro yao. Kwa watu ambao mpingo ukifika mikononi mwao unageuka familia nzima ya watu waliopandana mabegani, haileti maana watoto wakae wanatazama picha za wengine tu. Na katuni hizo zina shindano ambalo huenda hulijui: kibanda umiza. Kama kijiji kina kimoja, kijana wako anakijua, na filamu za kule zimechaguliwa na mtu asiyemjua. Usimpige marufuku tu kwa simu ukiwa mbali. Muulize ameona nini, akueleze hadithi yote, kisha muulize nani katika hadithi ile alifanya haki.

Simu ya mjomba ni jambo la kuongea na mjomba mwenyewe, mtu mzima kwa mtu mzima, wala usimtume mtoto ujumbe. Mwombe mambo machache: asimwachie kijana simu na data ikiwa imewashwa, picha na sauti ulizotuma azifungue yeye, simu isilale na mtoto. TikTok, YouTube ya kawaida na WhatsApp zote zinataka anayefungua akaunti yake mwenyewe awe amefikisha miaka 13, hata kama huko mtaani sharti hilo halifuatwi. Hatari kubwa si ule wimbo wanaouimba. Ni ile tabia ya video moja kuita nyingine yenyewe, mtoto akaanzia kwenye kwaya akaishia asikokutarajia, na watu wazima wasiowajua kuweza kuwaandikia. Mfundishe kijana kwamba mtu yeyote, awe mwalimu wa Jumapili, mwinjilisti au mtu wa mtandaoni, akimwambia wawe na siri ambayo bibi na mama wasiijue, aje aseme siku hiyohiyo. Nasema mwinjilisti makusudi. Mtu kutaja jina la Yesu hakumwondolei kipimo hicho. Simu ya huduma kwa mtoto hapa Tanzania ni 116, ni bure, na bibi aikariri.

Siku hizi ndani ya simu kuna na akili mnemba, inajibu kila swali kwa Kiswahili cha kujiamini. Kijana ataigundua kabla yako. Inaweza kumpa mstari wa Biblia usiokuwepo, kwa hiyo jibu lolote la dini lifunguliwe kwenye Biblia yenyewe. Maswali mazito, kama babu alikwenda wapi alipokufa, ayahifadhi akuulize wewe.

Picha: usipandishe mtandaoni picha za watoto wakibatizwa au wakiimba zikiwa na majina yao, kijiji na shule. Waambie na viongozi wa Shule ya Jumapili kama wana kundi la WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto, na zile za imani ya mtu, kwenye kundi la taarifa nyeti. Huku kwetu picha ya mtoto kanisani ni vyote viwili kwa mpigo.

Watoto wa majirani. Hapa nakuomba utulie kidogo. Mtwara na Lindi tunaishi nyumba kwa nyumba, na mara nyingi ndani ya ukoo mmoja, Mwislamu na Mkristo. Tunapelekeana pilau Idi na Krismasi, tunazikana. Barazani watoto watakuja tu, na kuwafukuza ni ukatili. Lakini mtoto wa mtu ana wazazi. Bibi awaambie kabla: jioni tunasikiliza hadithi za dini yetu, watoto wenu wakija wasikilize au niwarudishe? Mama wa jirani akisema arudi, arudi, na bibi amrudishe bila kununa. Akisema akae, akae kama mgeni. Asiambiwe atamke sala, asipewe pipi kwa kujibu swali la Yesu, na asirekodiwe. Siku ambazo baraza limejaa bibi anaweza kuchagua rekodi za Yusufu na ndugu zake, Musa, Yona, watoto wa madrasa wana hadithi zao za manabii hawa, na watasema "sisi tunaijua." Waachwe waisimulie wanavyoijua. Wako watasikia tofauti, watakuuliza, na utawajibu ukiwa nao peke yao. Akikuuliza binti kama rafiki yake atakwenda motoni, mwambie Mungu ndiye hakimu na yeye kazi yake ni kumpenda rafiki yake. Mafundisho marefu zaidi ya hapo mwachie padre wenu atakapokuwa mkubwa.

Kuna jambo hukuliuliza, nami nalitaja kwa sababu ya umri wa kijana. Mwaka huu au ujao nyumbani watataka aende jando, wakati wa likizo. Kwenu Kanisa lina historia yake katika hilo: Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, alikataa njia ya kulipiga marufuku jando, akaweka sala na mafundisho ya Kikristo ndani ya utaratibu ambao watu walikuwa nao. Muulize padre wenu parokia inafanyaje sasa, na muulize mapema, pamoja na suala la usalama na daktari. Simu isiende huko. Usidai picha, na mjomba asipige. Siku zile hutamsikia kijana, wala yeye hatakusikia. Rekodi zake zitamsubiri kwenye kadi.

Mwisho ni kupigiana simu, ile ya kawaida, isiyo na intaneti. Jumapili jioni, bibi aweke sauti kubwa. Usiwahoji padre alihubiri nini. Watasema "alihubiri habari za Yesu" na hapo ndipo somo litakapokufa. Waulize kila mmoja jambo moja lililomfurahisha na moja lililomuumiza wiki hiyo, kisha mmoja wao akuombee wewe. Nasema akuombee wewe, maana watoto wengi huombewa miaka yote bila kuombwa kumwombea mtu mzima. Waambie hitaji la kweli: mgongo unauma, kodi ya chumba inakaribia. Wiki inayofuata uwaeleze lilivyokwenda, hata kama halikwenda vizuri.

Anza wiki hii kwa rekodi mbili. Zima feni unaporekodi, funga dirisha la upande wa barabara, shika simu umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni. Ya kwanza isiwe ya watoto. Iwe ya bibi: mwamkie, mwambie kishikwambi umekiacha kama alivyotaka, mweleze kadi ni ya nini, na umwombe achague yeye wimbo wa kufungulia kila jioni.